Mimea ya Shina Kwenye Tangi la Samaki: Mwongozo Kamili Kuanzia Maji Hadi Mkasi

Malalamiko ni yaleyale kila mwezi. Mtu amenunua kifungu cha Rotala au Ludwigia, mimea ya majini inayokua kwa shina refu, amekichomeka mchangani kama kilivyotoka dukani, na kufikia wiki ya tatu sehemu ya chini imeoza, majani yameziba filta, na vilivyobaki ni vijiti vyenye kishungi kidogo juu. Anamwaga mbolea. Mwani unashika kioo. Mwishowe anang'oa kila kitu na kusema mimea hii haipatani na maji yetu.

Inapatana. Kinachowaangusha wengi ni mambo mawili: hawajui maji yao yana nini, na hawajui kusoma shina. Maji ya Kisumu na ya Nakuru hayafanani hata kidogo, kwa hiyo ushauri uliomfaa rafiki yako wa Milimani Kisumu unaweza kuharibu tangi lako la Lanet. Na jani la juu likiumwa, ugonjwa wake si ule wa jani la chini.

Vipimo vyote hapa ni vya tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36. Ukishaweka mchanga na kuacha nafasi juu, linabaki na maji karibu lita 50. Tangi lako likiwa kubwa au dogo, piga hesabu kwa uwiano huo.

## Vifaa

- Mchanga wa mto wenye chembe za milimita 1 hadi 2, lita 12 hivi
- Mashina 40 hadi 50 (usianze na 10, sababu iko Hatua ya 4)
- Taa ya LED nyeupe ya Kelvini 6500, wati 12 hadi 18, na taima ya kuchomeka ukutani
- Filta ndogo ya ndani yenye sponji
- Kibano kirefu na mkasi mkali
- Chupa mbili za soda, moja ya lita 2 na nyingine ya nusu lita, mpira mwembamba wa hewa, vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, silikoni, sukari na hamira
- Kutoka agroveti: potasiamu naitreti, MKP (monopotasiamu fosfeti), chumvi ya Epsom, jasi (gypsum), na chuma cha aina ya DTPA (chuma cha mbolea kilichofungwa kisijitenge majini)
- Mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu au chini, na bomba la sindano la mililita 10
- Vipimo vya pH, KH (kiasi cha kaboneti na baikaboneti majini) na amonia
- Kipimajoto

Ukiwa agroveti, taja jina la mbolea kamili. Ukisema tu "mbolea ya maji" unaweza kupewa NPK yenye amonia au yurea. Mbolea za shambani za CAN, DAP na yurea zisikaribie tangi kabisa. Maji yakiwa na pH ya juu, sehemu kubwa ya amonia hugeuka kuwa sumu ya samaki, na wanaweza kufa usiku mmoja.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako

Kisumu. Maji ya bomba hutoka ziwani na mtoni, na ni laini: yana kalsiamu na magneziamu kidogo. Tatizo la haraka ni klorini. Yaache kwenye ndoo isiyofunikwa kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuyatumia, au yapige hewa kwa pampu usiku kucha.

Nakuru. Hapa ndipo watu hupotea. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa, yaleyale yanayoacha meno na rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi, huwa na baikaboneti nyingi ya sodiamu. KH inasoma juu, pH inasoma juu, na mwenye tangi anahitimisha kwamba maji yake ni magumu na yana madini tele. Sivyo. Mara nyingi kalsiamu ni kidogo mno. Angalia sufuria ya chai: kama haijengi ukoko mweupe chini na sabuni inatoa povu bila taabu, huku KH ikiwa 10 au zaidi, basi una maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Mmea unaishi hapo ukiwa na njaa ya kitu ambacho mwenyewe unaamini kimejaa.

Dawa yake ni kuchanganya na maji ya mvua. KH ikiwa 12, nusu kwa nusu inakuletea 6 hivi, na hapo mimea mingi ya shina inatulia. Maji ya mvua yakinge baada ya mvua kuosha paa kwanza, na usitumie ya mabati mapya kwa kuwa zinki huoshwa na kuingia majini.

Wa Kakamega, Vihiga na Kisii wanaotegemea mvua tupu wana shida ya upande wa pili: maji hayana karibu chochote. Hao wanahitaji kuongeza madini kama wa Kisumu.

Kurudisha madini. Kwa lita 50 za maji laini au yaliyochanganywa na mvua, weka gramu 4 za jasi na gramu 2.5 za chumvi ya Epsom. Hiyo inaongeza takriban miligramu 18 za kalsiamu na 5 za magneziamu kwa kila lita. Jasi huyeyuka polepole. Ikoroge kwenye lita 3 za maji, iache ilale, kisha koroga tena asubuhi. Wanaotupia maganda ya mayai wanapoteza muda: kwenye maji yenye pH ya juu hayayeyuki kiasi cha kufaa.

Kila unapobadilisha maji, weka madini kwa hesabu ya maji mapya tu. Maji yaliyopungua kwa kukauka yajazie ya mvua bila madini, kwa sababu maji hupaa na madini hubaki.

*Dalili ya kufaulu:* KH kati ya 3 na 7 (kwa wa mvua tupu itabaki chini, maana jasi na Epsom haziipandishi), na hairukiruki kutoka wiki hadi wiki. Kutobadilika ni muhimu kuliko namba kamili.

## Hatua ya 2: Mchanga, na kwa nini si udongo

Wengi wameambiwa waweke udongo mwekundu chini ya mchanga. Kwa mimea inayokaa mahali pamoja miaka miwili, sawa. Kwa mimea ya shina, hapana. Hii utaing'oa na kuipanda upya mara kwa mara, na kila ukivuta shina, udongo unapanda juu na maji yanageuka chai. Tena mimea hii hula sehemu kubwa ya chakula kutoka kwenye maji yenyewe, kwa majani na mizizi midogo ya kwenye vifundo. Mchanga mtupu unatosha.

Chukua kiganja cha mchanga mkavu na udondoshee siki. Ukichemka kwa viputo, una chokaa au vipande vya makonokono, nao utapandisha KH, tafuta mwingine. Uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke safi, kisha uweke sentimita 4 mbele na 7 nyuma. Chembe laini kama unga hushikana na kukosa hewa. Kokoto kubwa hazishiki shina, linaelea.

## Hatua ya 3: Kuandaa shina

Hatua hii ndiyo hurukwa, na ndiyo chanzo cha kuoza kwa wiki ya tatu.

Shika shina moja dhidi ya mwanga. Lina vifundo, na kati ya kifundo na kifundo kuna pingili, sawa na muwa. Mkulima wa Muhoroni hapandi kipande cha muwa kisicho na kifundo, maana jicho na mizizi hutokea hapo. Shina la majini ni hivyohivyo.

1. Fungua kifungu. Ondoa ukanda wa risasi na sifongo lililofungwa chini. Sehemu iliyobanwa karibu kila mara imeshapondeka. Ikate yote, usiionee huruma.
2. Kata kila shina liwe na urefu wa sentimita 10 hadi 12 kutoka kwenye ncha, sentimita nusu chini ya kifundo.
3. Ondoa majani ya vifundo viwili au vitatu vya chini kwa mkasi. Jani likizikwa linaoza, na uozo unapanda kwenye shina.
4. Tupa kipande chochote chenye rangi ya kahawia au kinachobonyea ukikiminya.

Kuna jambo moja la kukupa subira. Mimea mingi ya dukani ilikuzwa nje ya maji, mizizi tu ikiwa na unyevu. Majani yake ya nchi kavu hayadumu chini ya maji. Rotala rotundifolia inaonyesha wazi: majani ya nje ni mviringo na manene kidogo, ya ndani ya maji ni membamba na marefu. Ya mviringo yatayeyuka kwa wiki mbili au tatu. Usiangalie hayo. Angalia ncha: ikitoa majani mapya membamba, shina li hai na limekubali maji.

Loweka mashina yote kwenye maji ya shabu, vijiko viwili vya chakula kwa lita 4, kwa saa 2 hadi 3, kisha suuza vizuri. Hii hupunguza konokono na mayai yao, ingawa haimalizi mayai yote.

Onyo: usiingie ziwani kuchuma mimea. Kingo za Ziwa Victoria zina konokono wanaobeba kichocho, na dakika chache za kusimama majini zinatosha kuambukizwa. Ceratophyllum, ambayo inaota ziwani humo humo, iombe kwa mfugaji mwenzako ambaye ameikuza nyumbani.

## Hatua ya 4: Kupanda

Jaza maji theluthi moja tu ya tangi. Maji yakijaa, mashina yanaelea na kukunyima raha.

Shika shina kwa kibano kwenye ncha ya chini, lizamishe mchangani kwa pembe ya mshazari hadi vifundo viwili vizame, achia kibano polepole, kisha kitoe ukikilaza. Panda shina mojamoja, sentimita 2 hadi 3 kati ya moja na jingine. Kifungu kikipandwa kama kilivyo, mashina ya katikati hayapati mwanga wala mtiririko wa maji, na yanaoza yakiambukiza ya pembeni.

Panda angalau nusu ya sakafu siku ya kwanza. Mwanga na chakula visivyoliwa na mimea huliwa na mwani. Kama fedha haitoshi kununua Rotala 50, jazia Ceratophyllum ikielea juu, kisha ipunguze mimea mingine ikishika.

Za kuanzia ni Hygrophila polysperma, Bacopa caroliniana, Ludwigia repens na Limnophila sessiliflora. Rotala nyekundu ingoje hadi uwe na hewa ukaa (CO2, Hatua ya 6) na taa ya kutosha.

Samaki waingie baada ya wiki 3 hadi 4, amonia ikisoma sifuri. Samaki wadogo wa gapi wanafaa. Ngege, samaki wa dhahabu na fulu (samaki wadogo wa ziwani) hapana: wa kwanza wawili wanakula mimea, na fulu wengi wanachimba mchanga.

*Dalili ya kufaulu:* siku ya 7 hadi 10, vuta shina kidogo kwa kibano. Likikataa kutoka, limeshika mizizi.

## Hatua ya 5: Taa

Lenga lumeni 25 hadi 30 kwa kila lita, yaani 1,250 hadi 1,500 kwa tangi hili. LED nzuri ya wati 15 inafika hapo.

Anza na saa 6 kwa siku kwa wiki tatu, kisha ongeza nusu saa kila wiki hadi 8. Usipite hapo. Taima ni lazima. Mkono wa mtu husahau. Tangi lisikae dirishani. Huku kwetu kwenye ikweta jua lipo karibu saa 12 mwaka mzima, na hakuna msimu utakaolipunguza likupumzishe na mwani.

Stima ikipotea saa tatu, usifidie kwa kuwasha hadi usiku wa manane. Iache siku hiyo ipite.

Joto nalo lina neno. Mimea hii inapenda nyuzi 22 hadi 27. Kisumu mchana, chumba chenye paa la mabati bila dari hulipandisha tangi juu ya 30, na maji moto hushika hewa ukaa kidogo wakati mmea unaihitaji zaidi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3. Nakuru kinyume chake: Juni hadi Agosti weka hita kwenye 23, vinginevyo mimea inasimama tu bila kukua.

## Hatua ya 6: Hewa ukaa

Bila hewa ukaa ya kuongeza, mimea minne niliyotaja itakua polepole, na mbolea utapunguza. Ukiiongeza, ukuaji unabadilika kabisa. Njia ya hamira inatosha kwa lita 50.

1. Toboa vizibo vya chupa zote mbili. Pitisha mpira na uzibe kwa silikoni. Ingoje saa 24 ikauke.
2. Kwenye chupa ya lita 2 weka sukari gramu 200, maji ya uvuguvugu lita 1.2, na robo ya kijiko cha chai cha hamira. Acha nafasi juu kwa ajili ya povu.
3. Mpira uelekee kwanza chini ya maji ndani ya chupa ndogo. Hiyo inanasa povu la pombe na pia inakuonyesha viputo vya kuhesabu.
4. Mpira wa pili utoke juu ya chupa ndogo, upite kwenye vali, kisha uishie chini ya mdomo wa filta unaovuta maji. Mashine inakatakata viputo na kuvisambaza.

Lenga kiputo kimoja kwa sekunde. Kisumu hamira inachemka haraka na kuisha mapema, kwa hiyo hapo usizidishe robo kijiko hata ukishawishika. Nakuru inakwenda taratibu. Chupa ikae kando ya tangi ambako kuna joto kidogo. Andaa chupa mpya kabla ya zamani kuisha, kwa sababu hewa ukaa inayopanda na kushuka ndiyo inayoalika mwani mweusi wa manyoya.

Onyo: usizibe mpira wala kuubana kwa bomba la kufunga. Chupa itapasuka. Na hamira haijui usiku: taa ikizimwa mimea huacha kutumia hewa ukaa, samaki wanabaki nayo. Washa pampu ya hewa usiku, au toa mpira majini. Stima ikikatika, utoe mara moja.

*Dalili ya kufaulu:* chota gilasi ya maji ya tangi, iache mezani siku nzima, pima pH yake, kisha pima ya tangi mchana taa ikiwaka. Tangi likiwa chini kwa pointi 1, una hewa ukaa karibu mara kumi ya ile ya kawaida, na hapo ndipo pazuri. Saa ya nne au ya tano tangu taa iwake, utaona matone madogo ya hewa yakichuruzika kutoka kwenye majani. Samaki wakihema juu ya maji, umezidisha.

## Hatua ya 7: Mbolea

Chupa A: maji nusu lita, potasiamu naitreti gramu 30, MKP gramu 3.

Chupa B: maji nusu lita, chuma cha DTPA cha asilimia 11 gramu 2. Iweke gizani.

Usichanganye chupa hizi. Fosfeti na chuma hushikana na kutuama chini. Weka mililita 10 za A Jumatatu na Alhamisi, na mililita 10 za B Jumanne na Ijumaa. Kila dozi ya A inaongeza naitreti kama miligramu 7 kwa lita. Jumapili badilisha nusu ya maji. Kama huna hewa ukaa, weka mililita 5 za kila moja mara moja kwa wiki.

Kuhusu chuma, soma mfuko. Aina ya EDTA ni ya bei nafuu lakini huvunjika pH ikipita 7, na kwa maji ya Nakuru hiyo ni pesa ndani ya mtaro. DTPA inastahimili hadi karibu 7.5.

## Hatua ya 8: Mkasi

Shina likigusa uso wa maji, likate. Ukiliacha litambae juu, litaziba mwanga wa sehemu zake lenyewe.

Mara ya kwanza kata katikati, juu kidogo ya kifundo. Kisiki kitatoa machipukizi mawili. Baada ya kukata hivyo mara tatu au nne, visiki huchoka na kukauka majani. Hapo ng'oa vyote, tupa sehemu ya chini, panda ncha upya. Wanaogoma kutupa visiki vya zamani ndio wanaobaki na kichaka chenye miguu mitupu.

## Kusoma shina linapoumwa

Anza kwa kuuliza: jani linaloumwa ni la juu au la chini?

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magneziamu vinahama ndani ya mmea. Vikipungua, mmea unavinyang'anya kutoka majani ya zamani na kuyapa machanga, kwa hiyo ugonjwa unaonekana chini. Kalsiamu na chuma havihami, na upungufu wake unaonekana juu.

Chini, jani zima lina umanjano: naitrojeni. Ongeza dozi moja ya A kwa wiki.

Chini, vitobo vidogo vyenye kingo za kahawia: potasiamu. Dozi hiyohiyo ya A.

Chini, umanjano kati ya mishipa: magneziamu. Epsom gramu 1 kila ukibadilisha maji, kwa wiki tatu.

Juu, majani meupe au manjano huku mishipa ikibaki kijani: chuma. Kabla ya kuongeza, pima pH na hakikisha una DTPA.

Juu, majani yamejikunja, madogo, ncha imekwama: kalsiamu, au hewa ukaa inayoyumba. Kwa Nakuru shuku kalsiamu kwanza.

Chini majani yanadondoka yakiwa bado kijani: hapa si chakula, ni kivuli. Kata mashina ya mbele, ongeza nafasi.

Pingili ndefu, mmea unanyooka kama unatafuta kitu: mwanga haufiki. Shusha taa au safisha kioo chake.

Vidoa vigumu vya kijani kwenye kioo: mara nyingi fosfeti ni kidogo. Ongeza MKP hadi gramu 5 kwenye chupa A mpya.

Mwani mweusi wa manyoya kwenye kingo za majani: kata majani hayo, tengeneza hewa ukaa itulie. Uliobaki kwenye mbao au filta, zima filta na uunyunyizie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa bomba la sindano, isizidi mililita 12 kwa tangi hili, kisha washa filta baada ya dakika 10. Ya chemisti ikiwa ya asilimia 6, tumia nusu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha ngoja siku 10 hadi 14. Jani lililokwisha haribika halitapona. Hukumu kwa majani mapya tu.

## Vipande vinavyobaki

Tangi likikubali, kila baada ya wiki mbili utakuwa na konzi kadhaa za mabaki. Usiyamwage mtaroni, mtoni wala ziwani. Hygrophila na Limnophila huota kutoka kwenye kifundo kimoja, na gugumaji linaloziba fuo za Ghuba ya Winam, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu watu walilipenda ua lake. Vizuri gawia wenzako. Vingine vitandaze juani juu ya gunia hadi vivunjike ukivifinya, kisha vifukie shambani.